Waraka ni Wangu, Ufunguo ni wa Nani?

Ofisi inayomwamuru mwananchi alete waraka wake katika umbizo la programu moja tu, programu inayouzwa na kampuni moja tu, inamtoza kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Naitanguliza ili msomaji asifike katikati akadhani anasoma maelekezo ya kompyuta. Maelekezo yatakuwemo, kwani hoja isiyo na maarifa ni kelele tu, lakini shabaha yangu ni uraia: nani mwenye mamlaka ya kuamua kama barua niliyoiandika nyumbani kwangu usiku wa leo itasomeka kesho mezani pa mwingine?

Tuanze na msamiati, maana hapa ni darasani. Kutokana na kitenzi "umba" tumepata "umbo", na umbo likazaa "umbiza" na "umbizo". Umbizo la faili ni namna ambavyo maneno, majedwali na picha zako vimepangwa ndani ya faili hilo ili programu iweze kuvisoma. Herufi chache zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, yaani .docx, .odt, .pdf, .xlsx na kadhalika, ndizo zinazotuambia umbizo. Neno "waraka" lenyewe lilitoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya jani au karatasi. Lilipoingia kwetu, Kiswahili hakikulilazimisha libaki na sarufi ya lilikotoka. Kililipa ngeli ya U-ZI, likawa waraka huu, nyaraka hizi. Lugha hodari humpokea mgeni namna hiyo. Laiti programu zetu zingekuwa na adabu hiyo.

Sasa tutazame hali ilivyo katika nyumba zetu hapa Thongpiny. Kompyuta hufika kwetu kwa njia nyingi. Ipo iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Kampala, ikapanda basi na kupita Nimule. Ipo iliyoachwa na mfanyakazi wa shirika fulani aliyemaliza mkataba wake. Ipo iliyoletwa na shangazi kutoka Nairobi, na ipo iliyotoka Khartoum ikiwa na kibodi yenye herufi za Kiarabu. Hakuna mbili zenye programu moja ya kuandikia. Hii ina Word ya mwaka 2010, ile ina LibreOffice, nyingine ina WPS. Na wale wasio na kompyuta kabisa, ambao ni wengi, huandika kwa simu. Mwanafunzi anaandika barua ya maombi jenereta ya jirani ikiwa inanguruma, anaituma kwenye simu yake kwa WhatsApp, asubuhi anaipeleka duka la kuchapisha karibu na soko la Custom, na huko inafunguliwa na programu ya tatu. Waraka umevuka mipaka mitatu kabla ya saa nne asubuhi, na kila mpaka una afisa wake wa forodha.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliomba nafasi ya masomo mwaka uliopita. Fomu ilikuwa na jedwali, na masharti yalisema isizidi ukurasa mmoja. Aliijaza nyumbani kwa LibreOffice, kwa uangalifu mkubwa, ikakaa ukurasa mmoja barabara. Ilipofunguliwa katika ofisi iliyohusika, mstari wa sahihi ulikuwa umeporomokea ukurasa wa pili, na safu moja ya jedwali ilikuwa imebanwa hata tarehe yake ya kuzaliwa ikakatika. Akajibiwa kwamba hakufuata masharti. Hakuna aliyemuuliza faili lilitoka wapi. Siitaji ofisi hiyo, kwa kuwa zipo nyingi zinazofanana nayo na sina nia ya kuigombeza moja. Nataka tuelewe kilichotokea, kwani jibu alilopewa, kwamba yeye ndiye mzembe, lilikuwa si kweli.

Waraka huandikwa kwa fonti, na faili la kawaida halibebi fonti hiyo; hubeba jina lake tu. Kompyuta inayolifungua hutafuta fonti yenye jina hilo, ikiikosa huweka nyingine. Tangu mwaka 2007 Word ilikuwa ikianza kila waraka mpya kwa fonti iitwayo Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haipatikani bure katika kila mashine. Fonti mbadala ikiwa na herufi nene kidogo tu, maneno mawili husukumwa mstari wa chini, mstari mmoja husukumwa ukurasa wa pili, na sahihi ya mtoto wa watu huporomoka. Zipo fonti huria zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana uleule: Carlito badala ya Calibri, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Ukiwa nazo katika mashine zote mbili, mistari haisogei. Ofisi ingeweza kuziweka katika kompyuta zake kwa dakika tano bila kulipa senti.

Wala msidhani kuwa aliyenunua kila kitu kwa kampuni hiyo moja amesalimika. Mwaka 2023 Microsoft ilianza kuiacha Calibri na kuweka fonti mpya, Aptos, kuwa ya kuanzia. Fungua waraka wa Aptos katika Word ya mwaka 2010 uone yatakayotokea: mistari itaruka kama ilivyoruka ile ya kijana wetu. Kwa hiyo anayesema "tumieni wote Word na matatizo yataisha" anapaswa kutuambia ni Word ipi, ya mwaka gani, na nani atakayelipa kila inapobadilika.

Sababu nyingine ni karatasi. Hapa kwetu tunachapisha kwa A4, milimita 210 kwa 297. Programu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani huanza kwa karatasi ya Kimarekani, pana zaidi kidogo na fupi kwa takribani milimita 18. Milimita 18 ni mistari mitatu au minne ya maandishi. Wengi hawajawahi kutazama mpangilio huo katika mashine yao.

Na sababu ya mwisho tumeileta sisi wenyewe, tena walimu tumo. Watu hupanga maneno kwa kugonga kitufe cha nafasi mara arobaini mpaka tarehe ifike upande wa kulia. Hupeleka kichwa ukurasa unaofuata kwa kugonga kitufe cha kurudi mara kumi na moja. Kazi ya namna hiyo haihamiki salama hata baina ya matoleo mawili ya programu ileile, kwa maana haikupangwa kamwe, imesukumwasukumwa tu. Programu zote zina vituo vya kupangia maneno, zina amri ya kukata ukurasa, zina mitindo ya vichwa. Mwanafunzi anayejifunza kutumia mitindo hiyo amejifunza ujuzi unaovuka programu zote, ilhali aliyekariri kwamba "unabonyeza pale juu kushoto" amejifunza chumba kimoja cha nyumba ya mtu mwingine.

Hayo ya mistari na kurasa yanaudhi, lakini yanarekebishika. Linalonikera zaidi ni la majina yetu.

Lugha za nchi hii zina herufi ambazo Kiingereza hakina. Kidinka kina ŋ, ɣ, ɛ na ɔ, na irabu zake nyingine huvaa nukta mbili juu. Kinuer nacho kina zake. Mkutano wa lugha uliofanyika Rumbek mwaka 1928 ndio uliopendekeza lugha za kusini ziandikwe kwa hati ya Kilatini pamoja na herufi za ziada za namna hiyo. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 inazitambua lugha zote za wenyeji wa nchi hii kuwa lugha za taifa. Hayo yamo katika karatasi. Sasa chukua orodha ya wanafunzi yenye jina Deŋ, ihifadhi kama faili la CSV, umbizo rahisi kuliko yote la kuhamishia majedwali, kisha ifungue katika Excel kwa kubofya mara mbili tu. Aghalabu utakuta DeÅ‹. Mwenye jina la Aköl atageuka AkÃ¶l. Herufi hazikupotea, programu imezisoma kwa jedwali la alama la Ulaya ya magharibi badala ya Unicode, kama mtu anayesoma Kiswahili kwa matamshi ya Kifaransa. Dawa yake ipo: usibofye, bali ingiza faili kwa menyu ya data, na unapoulizwa usimbaji wa herufi chagua UTF-8. LibreOffice Calc hukuuliza kabla ya kufungua, na kwa hilo pekee naipa heshima. Lakini karani asiyejua hayo hufanya nini? Hufuta alama asizozielewa, akaandika "De". Au humwita mtoto na kumwambia jina lake "lina matatizo". Nimewasikia makarani wakisema hivyo. Jina alilopewa mtoto na babu yake halina tatizo lolote.

Hali ilikuwa mbaya zaidi zamani. Katika miaka ya 1990, kabla Unicode haijaenea, waandishi wa lugha nyingi za Afrika walitumia fonti maalumu ambamo umbo la herufi kama ŋ liliwekwa mahali pa alama nyingine. Kwenye skrini yako uliona ŋ. Ndani ya faili kulikuwa na alama tofauti kabisa. Ukimpa mwenzio faili bila fonti ile, alisoma vioja. Vitabu vya kusomea na tafsiri za miaka ile vilivyohifadhiwa kwa njia hiyo vinahitaji mtu anayekumbuka ni fonti ipi iliyotumika ili vigeuzwe upya, herufi kwa herufi. Hata leo, herufi ɛ̈ na ɔ̈ hazina nafasi moja katika Unicode. Huundwa kwa kuunganisha herufi na nukta zake, na fonti isiyojua kuziunganisha huzitupa nukta hizo pembeni kama kofia iliyopeperuka. Basi kabla ya kuandika chochote kwa Kidinka, jaribu fonti yako kwanza kwa herufi hizo mbili.

Wasomaji wa Kiswahili hatupaswi kulishangaa jambo hili, kwani lugha yetu imepita njia hiyohiyo. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo e na i ziliandikwa kwa alama moja, o na u kwa alama moja, na msomaji alitegemea maana ya shairi kuzitenganisha. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na Mwalimu Sikujua kwa hati hiyo, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor, na ni mwaka 1940 tu ndipo William Hichens alipoyachapisha kitabuni kwa hati ya Kilatini. Kila beti lilihitaji mtu aamue: hapa ni e au i? Huko ndiko kuhamisha waraka kutoka umbizo moja hadi jingine, na kila uamuzi ungeweza kuwa kosa. Tunayasoma mashairi yale leo kwa sababu hati ya Kiarabu haikuwa mali ya mtu. Hakuna aliyelazimika kununua leseni ili amsome Muyaka.

Ndipo tunapofikia kiini. Mwaka uleule wa 1928, mkutano mwingine uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kuuweka usanifu huo katika vitabu. Sisemi walitenda haki. Walikuwa watawala wa kikoloni, na wenye Kimvita wana kinyongo hadi leo, tena wana sababu. Lakini tazameni usanifu huo ni wa namna gani. Kamusi i wazi. Sarufi i wazi. Mwalimu wa Juba, mwandishi wa Zanzibar na mchuuzi wa Goma wanautumia bila kumwomba mtu ruhusa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2016, ilipoamua Februari 2021 kukifanya Kiswahili lugha yake rasmi, haikulazimika kumlipa mtu yeyote. Kiwango kinapokuwa cha umma huwa hivyo.

Maumbizo ya nyaraka nayo yana kiwango cha namna hiyo. Umbizo la OpenDocument, ambalo nyaraka zake huishia kwa .odt na majedwali yake kwa .ods, liliidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Microsoft ilijibu kwa kuleta kiwango chake, ambacho ndicho msingi wa .docx, maelezo yake yalizidi kurasa 6,000, na ISO ikakipitisha mwaka 2008 baada ya mvutano mkali hata Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zikakata rufaa. Rufaa zilikataliwa. Kwa haki lazima niseme kwamba .docx ni afadhali mara nyingi kuliko .doc ya zamani, ambayo maelezo yake hayakuwekwa hadharani kwa wote hadi mwaka huohuo wa 2008. Lakini Word yenyewe kwa kawaida huhifadhi kwa toleo la mpito la kiwango hicho, toleo lililobeba mizigo yote ya zamani, na ndiyo maana programu nyingine hulisoma kwa kubahatisha hapa na pale.

Msikubali kuambiwa kwamba .odt "haifunguki". Word imeweza kufungua na kuhifadhi .odt tangu toleo la 2007 lilipoongezewa uwezo huo mwaka 2009. Google Docs huifungua pia. Kwa hiyo karani anayelirudisha faili la .odt bila hata kulijaribu hana kizuizi cha kiufundi. Ni mazoea, na mazoea ya ofisi yakikaa sana huvaa joho la sheria. Uingereza iliamua mwaka 2014 kwamba nyaraka za serikali zinazohaririwa kwa pamoja zitumie OpenDocument. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta zake takribani 30,000 kwenda LibreOffice. Hao si maskini wanaokwepa gharama. Wametambua kwamba kumbukumbu za umma hazifai kukaa nyuma ya mlango ambao ufunguo wake unakodishwa.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mwalimu, nani anayelipa? Sote tuna nakala ya bure." Ni kweli, na ndiyo aibu yenyewe. Flashi zinazunguka mtaani zikiwa na Word iliyovunjwa kufuli, na mara nyingi hubeba virusi pamoja nayo. Ofisi ya umma inayodai umbizo la programu inayouzwa, katika mtaa ambao inajua fika kwamba wakazi wake hawawezi kuinunua, inawafundisha watoto wizi kisha inawahubiria uadilifu katika somo la uraia. LibreOffice unaweza kuipakua mara moja, mamia kadhaa ya megabaiti, ukaigawa kwa flashi kwa mtaa mzima, na hakuna sheria uliyoivunja. Kwetu ambako bando la intaneti ni ghali, hiyo peke yake ingetosha kuwa hoja.

La pili: "Tumieni Google, iko bure." Iko bure mradi kuna mtandao, na mradi umekubali waraka wako ukae katika kompyuta za watu wengine, nchi nyingine. Umeme ukikatika na mtandao ukaondoka, waraka wako nao huondoka mpaka virudi. Kwa kazi ya kikundi naikubali. Kwa cheti cha kuzaliwa, la.

Na kuna wenzangu wa upande wangu ambao nao wananichosha: wale wanaosema LibreOffice husoma kila kitu bila kasoro. Haisomi. Waraka wenye visanduku vya maandishi vilivyopandana, michoro, au makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel, unaweza kufika umevunjika. Mwenye kazi ya uhasibu iliyojaa makro asihame kwa ushauri wa blogu, hata hii. Kumdanganya mtu kwamba njia ni laini ni kumfanya arudi alikotoka mara ya kwanza atakapojikwaa, akiwa na hasira.

Waafrika Mashariki tuliwahi kuishika fursa hii mapema. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Haikuhitaji kibali cha kampuni yoyote, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Microsoft nayo baadaye ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003, na mimi sioni kuwa ilikuwa bahati tu. Hadi leo LibreOffice ina kikagua tahajia cha Kiswahili, bure, ambacho ningetamani kila mwanafunzi wangu awe nacho kabla ya kuniletea insha yenye "sababu" iliyoandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja.

Turudi kwenye uraia. Kifungu cha 32 cha katiba yetu ya mpito kinampa kila mwananchi haki ya kupata taarifa na kumbukumbu rasmi, zikiwemo za kielektroniki, isipokuwa pale zinapohatarisha usalama wa umma au faragha ya mtu. Na mwaka 2013 ilitungwa sheria ya kuipa nguvu haki hiyo. Sasa nauliza: kumbukumbu iliyo katika faili ambalo mashine yangu haiwezi kulisoma, nimepewa au sijapewa? Na fomu ambayo siwezi kuijaza bila programu ya kununua, imetangazwa kwa umma au kwa wateja wa kampuni? Hakimu sijawahi kumsikia akiulizwa hivyo hapa Juba. Ingefaa aulizwe.

Wakati tunasubiri, fanyeni hivi nyumbani. Faili lako la asili, unalolihariri, lihifadhi kwa .odt. Unalomtumia mtu alisome tu au alichapishe, litoe kwa PDF, maana PDF hubeba fonti zake na kurasa hazisogei. LibreOffice hata ina hila moja ninayoipenda sana: unapotoa PDF unaweza kuamuru ibebe ndani yake waraka wa asili, hivyo faili moja linasomeka kokote na bado linaharirika. Ofisi iking'ang'ania .docx, hifadhi nakala kwa .docx, ifunge, ifungue tena, uitazame kwanza wewe kabla hajaitazama karani. Namba za simu katika lahajedwali ziandike kama maandishi, ama sivyo 0 ya mbele italiwa na ya MTN au Zain haitapigika. Tarehe ziandike kwa jina la mwezi, kwani 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Na faili likigoma kabisa kufunguka, usilie bado: nakili, ubadilishe mwisho wa jina la nakala liwe .zip, ulifungue kama mkoba. Maneno yako yamo ndani, katika content.xml kwa .odt, au katika document.xml ndani ya folda ya word kwa .docx. Yatakuwa yamezungukwa na alama nyingi, lakini ni yako.

Kazi ya wiki hii basi. Kila mmoja achague ofisi moja anakoishi: ya shule, ya payam, ya kanisa au msikiti, ya shirika, yoyote inayopokea maombi ya watu. Aingie kwa salamu na heshima, aulize maswali mawili: je, mnapokea faili la .odt? Na kama hampokei, nani aliyeamua? Andika jibu kama lilivyotamkwa, kwa lugha lililotamkiwa, iwe Kiarabu cha Juba au Kiingereza, kisha ulitafsiri kwa Kiswahili sanifu chini yake. Nataka majibu hayo Jumatatu. Anayejibiwa "hatujui nani aliyeamua" aliandike hilo pia, pamoja na tarehe na jina la ofisi, kwa kuwa barua nitakayoiandika itahitaji orodha.